Wikiendi Songea: Familia Mbili, Meza Moja

Mpenzi msomaji, ukitaja habari ya kutoka wikiendi, wengi wetu akili inakimbilia Bagamoyo, Zanzibar au, mambo yakiwa mazuri, Ngorongoro. Mwambie mtu wa Dar kwamba unakwenda kula wikiendi Songea uone. Atakuangalia machoni na kukuuliza taratibu: "Kuna msiba?" Kwa wengi wetu kusini ni kwa kwenda kuzika, kuoa au kuhamishiwa kikazi. Basi mwezi huu nakupeleka Songea, na sikupeleki msibani, ingawa makaburi tutayafikia. Nakupeleka kutembelea marafiki.

Marafiki wenyewe ni familia ya Wajerumani: baba, mama, binti wa miaka 15 na kaka yake mdogo wa miaka 9. Wametumwa na kanisa lao kuja kufanya kazi Ruvuma. Baba ni fundi wa miradi ya maji ya mserereko, ile ya kuteremsha maji kutoka mlimani kwa bomba mpaka kijijini bila mashine. Huko vijijini wanamwita Bwana Maji. Mkewe nilimfahamu Morogoro, wakati nafundisha Kiswahili kwa wageni. Tulianza kama mwalimu na mwanafunzi, leo ni shosti wangu wa kupigiana simu saa nne usiku kulalamikia waume.

Sasa mume wangu ni Mngoni wa Songea, kwao Lizaboni. Kwa hiyo walipopangiwa kituo huko, wakwe zangu ndio wakawa wenyeji wao. Binti yao kila Jumamosi anakwenda kwa baba mkwe kumsomea gazeti, maana mzee macho yanamsumbua. Anamwita babu, na babu naye amezoea, binti akichelewa ananuna.

KWA NINI TULIITWA

Mwezi wa tano shosti akanipigia. Sauti haikuwa ya kawaida. Akaniambia tangu Februari nyumba yao imepoa. Msomaji, Februari Songea ni mwezi wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji. Watoto wanafundishwa historia, mji unajaa wageni. Ndipo mwenzake mmoja shuleni akamwambia binti yao, katika mabishano ya kitoto tu ya kugombea kiti: "Nyie ndio mliowanyonga babu zetu." Binti hakujibu. Alirudi nyumbani na kuuliza swali moja wakati wa chakula: "Ni kweli?"

Wazazi wakagawanyika hapo hapo. Baba alitaka ampeleke makumbusho, aone kila kitu. Mama akasema hapana, mtoto hakumnyonga mtu, kwa nini abebeshwe mzigo wa mwaka 1906? Miezi mitatu wakabishana, tena kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, na wewe unajua ugomvi wa sauti ya chini ulivyo mbaya. Mkataba wao wa kazi ulikuwa unaisha Agosti. Mama alishaanza kusema warudi kwao. Baba alitaka waongeze miaka mitatu.

"Njooni," shosti akaniambia. "Kama ni kwenda huko, sitaki twende peke yetu."

SAFARI YENYEWE

Dar hadi Songea ni kama kilomita 950, kwa hiyo usijidanganye. Tulipanda basi alfajiri Mbezi, stendi ya Magufuli, mimi, mzee wa nyumba na watoto wetu wawili. Ukivuka Morogoro unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na watoto walihesabu twiga na swala dirishani bila sisi kulipa senti tano. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu kwenda mbele. Mlima Kitonga roho mkononi, hasa ukikaa upande wa bondeni. Baada ya Iringa, Mafinga na Makambako, gari linakata kushoto kuelekea Njombe, na hapo ndipo unapojuta kutofungasha sweta. Kutoka Makambako hadi Songea ni kama kilomita 300 za kona, misitu ya kupandwa na mabonde yenye ukungu.

Tulifika usiku. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ni baridi ile mbaya. Wenyeji wetu walikuwa wanatusubiri stendi, watoto wao wamejifunika vitenge kichwani kama bibi zao wa Kingoni. Nyumbani tulikuta ugali wa dona, maharage na kuku wa kienyeji aliyepikwa na yule mama Mjerumani mwenyewe. Kiukweli, kuku alikuwa mgumu kidogo, lakini mchuzi ulikuwa na nazi. Alikumbuka kwamba mimi bila nazi sili nikashiba.

Usiku ule hakuna aliyetaja makumbusho. Tulicheza karata mpaka saa sita.

JUMAMOSI ASUBUHI: MATOGORO

Shosti alitaka siku ianze na kitu chepesi, kwa hiyo asubuhi tulipitia sokoni, tukanunua ndizi, maparachichi na karanga, tukaenda Matogoro. Hii ni milima iliyo upande wa mashariki wa mji, na ndiko unakoanzia Mto Ruvuma. Ndiyo, ule ule unaouona kwenye ramani ukitenganisha Tanzania na Msumbiji mpaka unaingia Bahari ya Hindi. Huku unaanza kama kijito, kitu cha mtoto kuruka. Vijana wetu waliruka kweli, wakatangaza kwamba wamevuka kwenda Msumbiji bila pasipoti.

Bwana Maji hapo alikuwa kwenye raha yake. Alitueleza kwa nini msitu ule usikatwe: miti na majani yanashika mvua, maji yanazama ardhini polepole, na ndiyo sababu kijito hakikauki kiangazi. Ukikata miti mvua inateremka kwa siku moja na udongo wote, halafu miezi sita hamna kitu. Alieleza kwa Kiswahili safi, huku anachora na kijiti. Binti yake alikaa kwenye jiwe mbali kidogo, anamenya ndizi, haongei. Mama yake alikuwa anamtazama yeye, si mchoro.

MCHANA: MAKUMBUSHO YA MAJIMAJI

Baba mkwe tulimkuta ameshavaa koti na kofia, fimbo mkononi. Kuniona tu akaanza: "Haya, ficheni mbwa wenu, Mhehe amefika!" Mimi ni Mhehe wa Iringa, msomaji, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipopigana karne ya 19 na kuchoka. Nilimjibu kwamba Wangoni nao wamekimbia kutoka Afrika Kusini mpaka hapa, waseme walichokuwa wanakimbia. Nilimwona binti wa Kijerumani akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Makumbusho ya Majimaji yako eneo la Mahenge, hapo hapo mjini, na sasa yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kuna jengo lenye silaha, ngao, vyombo na picha, na nje kuna sanamu na makaburi. Kwa wale mliolala darasani, nawakumbusha kwa ufupi. Vita vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi, watu wakikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko vya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji aliyosema yatageuza risasi. Wangoni waliingia vitani miezi michache baadaye. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1907, makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi.

Hapa Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu 67. Miongoni mwa viongozi waliouawa alikuwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake. Masimulizi ya hapa yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai akakataa, akataka kufa kama wenzake. Na yanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mpaka leo familia inakitafuta.

Mwongozaji alitueleza haya yote kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Nadhani alishajua wageni wake ni nani. Tulipofika kwenye kaburi la nduna, binti akauliza swali lake la kwanza: "Sasa kichwa kiko wapi?"

"Bado hakijapatikana," mwongozaji akasema.

Binti akamgeukia baba yake, akamwuliza kwa Kijerumani. Sikuelewa maneno, ila nilielewa alichouliza, maana baba mtu alitikisa kichwa na kutazama chini. Akamjibu kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Sijui. Wanatafuta. Rais wetu alikuja hapa mwaka 2023, akaomba msamaha, akaahidi tutasaidiana kutafuta."

Ni kweli. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale, akaonana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Mume wangu aliniambia wazee wengine walilia, na wengine walisema msamaha bila kichwa ni nusu msamaha.

Mimi nilikuwa kimya kwa sababu zangu. Sisi Wahehe fuvu la Mtwa Mkwawa tulirudishiwa. Alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, wakamkata kichwa, na hata Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaagiza Wajerumani walirudishe. Lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Nilipelekwa kuliona nikiwa darasa la nne. Nilitoka pale nimeinua kichwa, kama vile mimi ndiye niliyerudi. Wakwe zangu hawajawahi kupata siku hiyo. Miaka yote ya ndoa nimetaniana nao kuhusu mbwa, na hili sikuwa nimewahi kulipima uzito wake.

Ndipo binti akamfuata baba mkwe, aliyekuwa ameketi kivulini, akapiga goti kama anavyofanya kila Jumamosi.

"Babu, mnatuchukia?"

Shosti alishika mkono wangu mpaka ukauma. Mzee hakuwa na haraka. Alitoa leso, akafuta macho yake yanayotoa machozi siku zote hata kusipokuwa na jambo.

"Nikikuchukia wewe," akasema, "gazeti atanisomea nani?"

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: "Lakini kichwa cha mzee wetu bado kiko kwenu. Hilo nalo usilisahau. Ukiwa mkubwa, ukiwa huko kwenu, ulizia."

"Nitaulizia," akajibu.

"Haya. Sasa nisomee haya majina, mimi siyaoni."

Akasimama mbele ya orodha ya walionyongwa akayasoma yote, moja baada ya jingine. Alipokosea matamshi ya Kingoni mzee alimrekebisha, naye alirudia. Ilichukua muda. Mwanangu mdogo alichoka akaenda kukaa kwenye majani. Bwana Maji alivua kofia tangu jina la kwanza na hakuivaa mpaka tulipotoka getini.

JIONI: MAMA HAJAKUBALI

Usifikiri kwamba kila kitu kiliisha vizuri kama sinema, msomaji. Usiku tukiosha vyombo shosti aliniambia bado ana hasira na mumewe. "Mtoto amepewa kazi ya serikali mbili," akasema. "Ana miaka 15!" Nilimwambia mimi mwanangu angepewa kazi ile na mzee yule ningejisikia ameheshimiwa. Akaniambia mimi naweza kusema hivyo kwa sababu siko upande wake wa kaburi. Sikuwa na jibu, nikaendelea kukausha sahani.

Baadaye kidogo akasema: "Lakini leo amekula." Tangu Februari yule binti alikuwa anachezea chakula. Jioni ile alikula ugali mara mbili, halafu akawafundisha watoto wangu kuoka keki ya tufaa, kwa matufaha ya Njombe. Sebuleni waume zetu walikuwa wanabishana kuhusu Majimaji, safari hii timu ya mpira, Wanalizombe wenyewe, na kama itarudi kwenye enzi zake.

JUMAPILI: PERAMIHO

Baada ya ibada tulibanana kwenye gari moja kwenda Peramiho, kama kilomita 24 magharibi ya mji. Ukifika unaweza kudhani umeingia mji mwingine: kanisa kubwa, hospitali, shule, karakana, mashamba. Misheni hii ilianzishwa mwaka 1898 na Padri Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini. Hapa ndipo panapokupa picha ya pili. Padri Spiss baadaye akawa askofu, na Agosti 1905 akauawa njiani karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni ya Peramiho nayo ilichomwa mwaka ule ule. Na kabla ya watu wale kunyongwa Songea, padri wa misheni aliingia gerezani, na baadhi yao wakabatizwa.

Baada ya vita wamisionari walirudi wakajenga upya. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia. Masista wa Chipole walianza mwaka 1938, na hapo Hanga kukaja monasteri ya Wabenediktini Waafrika wenyewe. Jimbo la Songea lilipoundwa mwaka 1969, askofu wake alikuwa James Komba, mtoto wa nchi hii. Ukiwauliza watu wa Ruvuma leo, wengi wamezaliwa, wametibiwa au wamesomeshwa kwenye mikono ya misheni, na hao hao kila Februari wanakwenda Mahenge kuwakumbuka mashujaa. Hawaoni kwamba lazima wachague kimoja.

Tulikula chakula chetu chini ya mti, mihogo ya kuchemsha na keki ya jana. Baba mkwe, ambaye alisisitiza kuja, alimwambia Bwana Maji: "Ninyi mwaka 1905 mlitucheka kwa sababu ya maji. Sasa mnatuletea maji, na haya yanafanya kazi." Yule fundi hakujua kama ruhusa kucheka ipo. Mume wangu alimpiga begani: "Cheka bwana, ni utani." Akacheka, na mkewe naye akacheka, na nikaona amesogeza kiti chake karibu na cha mumewe. Kidogo tu, lakini sisi wanawake tunaona.

Mkataba? Mpaka tunaondoka Jumatatu walikuwa hawajaamua. Walichokubaliana ni kwamba uamuzi huo utajadiliwa kwa sauti ya kawaida, na binti awepo mezani.

UKIENDA NA WEWE

Kama na wewe una marafiki mikoani, acha kusubiri misiba. Songea nenda kati ya Juni na Oktoba, barabara kavu na mahindi yamevunwa. Chukua sweta na soksi, hasa kwa watoto. Basi ni safari ya kutwa nzima, kwa hiyo panga angalau siku nne. Ukitokea Mtwara unaweza kupita Masasi na Tunduru, siku hizi ni lami. Makumbusho tenga saa mbili, na chukua mwongozaji, usizunguke mwenyewe ukisoma vibao. Ukiwa na siku ya ziada, endelea Mbinga kwenye kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, halafu teremka hadi Mbamba Bay ule samaki wa Ziwa Nyasa.

Na ukienda makumbusho ukiwa na rafiki ambaye historia yenu ina damu katikati, msiende wawili peke yenu. Tafuta mzee. Mbebeeni kiti, maana kusimama kwenye jua anachoka, na mwacheni aongee kwa mwendo wake.